Tulikosa Hewa Kisimani, Nikarudi Peke Yangu

Ndugu zangu, mtanivumilia nikiongea nimekaa. Nikisimama muda mrefu miguu inaanza kutetemeka, na nikiharakisha, maneno yanagongana mdomoni. Kwa hiyo nitakwenda polepole. Mkiona nimenyamaza katikati, msinitajie neno. Ninalitafuta mwenyewe, na siku hizi mara nyingi nalipata.

Naitwa Masatu. Ni Mjita wa Mugango, ila maisha yangu ya kazi yote yako hapa Kiabakari. Kwetu watu wanaishi kwa ziwa. Mimi maji niliyatafuta chini ya ardhi. Nilikuwa mchimba visima, na nilikuwa na nguvu kwelikweli. Nilikuwa naingia shimoni asubuhi, natoka jioni, na bado nyumbani napasua kuni. Sikuwahi kulazwa hospitali. Hata malaria nilikuwaga nainywea dawa huku nachimba.

Mwenzangu wa kazi alikuwa Wambura, Mzanaki wa Butiama. Yeye Kijita hakijui, mimi Kizanaki chake nilikuwa naokota neno moja moja, kwa hiyo tuliongea Kiswahili, na tuliongea kutwa nzima. Mmoja akiwa chini anachimba, mwingine juu, bado tunabishana kuhusu mpira, kuhusu ng'ombe, kuhusu mahubiri ya Jumapili. Mke wangu, mama Neema, alikuwa anasemaga, "Ninyi mngeoana tu, mimi nirudi kwetu." Wa tatu wetu alikuwa Chacha, mvuta kamba. Huyo ni mtu wa maneno machache na mikono mikubwa.

Kisima ninachokisema kilikuwa cha mama mmoja mwalimu mstaafu, njia ya kwenda Butiama. Tulikuwa tumeshapata maji, lakini machache. Ilibidi tushuke zaidi, na ili ushuke lazima kwanza uyatoe yale yaliyojaa. Tulikuwa na pampu ya petroli. Kisima kikiwa kirefu, pampu ikikaa juu haivuti. Kwa hiyo tulifanya kama wachimbaji wote wa huku walivyokuwa wakifanya: tukapachika mbao ubavuni mwa kisima, tukaishusha pampu pale, tukaiwasha. Ikanguruma. Maji yakatoka. Kisha ikazima yenyewe, tukadhani mafuta yamekwisha.

Tulikaa kidogo tukinywa chai. Moshi tulioweza kuuona ulikuwa umeisha. Nikachungulia, kisima cheupe, maji chini yanang'aa. Ilikuwa zamu yangu. Chacha akanishusha.

Nilipofika chini nilisikia kichwa kinagonga, kama mtu anapigilia msumari nyuma ya macho. Nikawaza, ni njaa, chai ile ilikuwa tupu. Nikafungua kamba kiunoni ili niinamie beleshi. Nikaliona beleshi. Nikauambia mkono ulishike, mkono haukwenda. Hapo ndipo nilipoogopa. Nilitaka kupiga kelele, "Nivuteni!" Nililisikia neno hilo kichwani kabisa, lakini mdomo ulikuwa kama si wangu. Magoti yakalegea, nikakaa kwenye maji. Sikusikia maumivu. Nilisikia usingizi, tena usingizi mtamu. Ndugu zangu, utamu ule ndio wa kuogopa.

Kuanzia hapo yanayofuata nimesimuliwa. Mimi niliyakuta tu, kama mtu aliyefika msibani watu wameshaondoka.

Chacha anasema Wambura aliniita mara kadhaa. Alipoona sijibu na kichwa kimeinama kifuani, akasema, "Huyu amezidiwa." Chacha akamwambia, "Ngoja tuite watu." Wambura akajibu, "Mpaka waje, atakuwa amekunywa maji." Akavua shati, akashuka kwa vidato tulivyokuwa tumechimba ukutani, bila kujifunga chochote, kwa sababu kamba ilikuwa moja. Alifika. Akanifunga kamba chini ya makwapa, fundo zuri kabisa, akaivuta mara mbili kumpa ishara Chacha. Chacha akanivuta, mwalimu akimsaidia, na majirani waliokuwa wanapita wakakimbilia.

Waliponitoa wakanilaza kwenye majani, wakafungua kamba, wakamtupia Wambura. Kamba ikamwangukia begani. Alikuwa ameketi, ameegemea ukuta, anaangalia juu. Wakamwambia, "Shika! Shika, Wambura!" Hakushika. Chacha alitaka kushuka, majirani wakamkamata mikono na miguu, wakamlalia. Wasingemkamata, leo kungekuwa na makaburi mawili, pengine matatu.

Mimi walinikimbiza kwa gari la mtu mpaka kituo cha afya, na kutoka pale Musoma.

Nilipozinduka niliona dari. Nililiona kana kwamba ninatazama kupitia karatasi la nailoni. Usoni nilikuwa na kibarakoa cha plastiki, na pembeni mashine inapuliza hewa. Kifua kilikuwa kinauma kama nimepigwa teke na ng'ombe. Mguu wa kulia ulikuwa umevimba mpaka ngozi inang'aa, kwa sababu kule chini niliukalia ukiwa umekunjika. Na nilikuwa na mpira wa mkojo, na mfuko wake umening'inia kitandani. Kwenye ule mfuko hapakuwa na kitu.

Daktari alikuwa mama mmoja mnene, mpole wa maneno. Mke wangu alimuuliza, "Daktari, alikosa hewa tu, na sasa anapumua. Mbona kila kitu kinaharibika?"

Yule mama akavuta kiti, akakaa. Akamwambia, "Unazijua bodaboda pale stendi? Chukulia damu ndiyo bodaboda, na hewa safi, oksijeni, ndiyo abiria. Ule moshi wa injini una sumu isiyo na rangi wala harufu. Ulipoingia kifuani kwa mumeo, ulikalia siti zote. Bodaboda zikawa zinazunguka mwilini zimejaa, lakini abiria anayetakiwa amebaki kituoni. Sasa kila kiungo kinangoja abiria huyo, na hafiki."

Mke wangu akauliza, "Kiungo gani kimengoja zaidi?"

"Ubongo hauwezi kungoja," daktari akasema. "Huo ndio mlafi kuliko vyote. Ukinyimwa dakika chache tu, sehemu zake zinaanza kufa. Moyo nao unafuata, ndiyo maana wake unapiga bila mpangilio. Figo na ini vinavumilia kidogo, lakini navyo vina mwisho. Na ule mguu, nyama yake imekufa kwa ndani. Nyama ikifa inamwaga uchafu kwenye damu, na chujio la damu ni figo. Chujio lake limeziba."

Hivyo ndivyo nilivyougua mahali pengi mwilini kwa wakati mmoja. Macho yalikuwa ya njano kwa sababu ya ini. Utumbo nao ulikuwa umeumia. Nilikuwa naharisha damu nyeusi, naharisha kitandani, mke wangu ananigeuza kama mtoto. Moyo ulikuwa unakimbia, unasimama kidogo, unakimbia tena. Kila ukisimama nilikuwa nangoja kuona kama utaendelea. Uso ulivimba kwa maji yasiyotoka. Daktari akasema, "Figo zisipoamka, tutampeleka Mwanza akasafishwe damu kwa mashine." Mke wangu akawa anakaa sakafuni, ameukabili ule mfuko wa mkojo, anautazama kama mtu anayengoja chungu kichemke.

Mchana mmoja akanyanyuka, akamwita nesi. Ndani ya mpira kulikuwa na mkojo kidogo, mweusi kama kahawa. Nesi akasema, "Mama, shukuru Mungu, zinaamka." Kesho yake ukawa mwingi, kisha ukawa mwekundu, mwisho ukawa wa rangi yake. Mama Neema alipiga vigelegele wodini. Wagonjwa wakadhani kuna mtu amejifungua.

Basi mwili ukawa unarudi. Mimi ndiye nilikuwa sirudi.

Kwanza, Kiswahili kilinitoka. Nilikuwa nikiona kikombe, najua kazi yake, lakini jina halipo. Kijita kilibaki, tena nusunusu. Kwa hiyo nesi akiniuliza kitu nilimtazama tu. Wakadhani sisikii, wakawa wananipigia kelele sikioni. Nilikuwa nasikia. Nilikuwa kama mtu aliyefungiwa ndani, anawaona watu dirishani wakibisha hodi, na ufunguo hauoni.

Pili, sikuweza kushika jambo jipya. Nilimuuliza mke wangu, kwa Kijita, "Wambura yuko wapi?" Akanijibu, "Yuko kwao Butiama." Hakunidanganya. Walikuwa wameshamzika huko.

Nilipopata nguvu kidogo, daktari na mke wangu wakaniambia ukweli, wamenishika mikono. Nililia mpaka moyo ukavurugika, wakanirudishia hewa ya mashine. Nikalala. Asubuhi nikaamka, nikamuuliza mke wangu, "Wambura yuko wapi? Mbona haji kuniona?"

Akaniambia tena. Nikalia tena, kilio kipya kabisa, cha mtu anayesikia kwa mara ya kwanza. Na kesho yake hivyohivyo. Kila siku mwenzangu alikuwa anakufa upya, na mke wangu ndiye mleta habari. Mwisho akamwambia daktari, "Mimi sina nguvu ya kumzika mtu kila asubuhi." Daktari akamwambia, "Basi usimzike. Ngoja." Mke wangu akarudi kwenye jibu lake la zamani: yuko kwao Butiama. Nami nikabaki nimekasirika kwamba rafiki yangu amekaa kwao hata kuja kunipa pole hataki.

Tulirudi Kiabakari. Watu walikuja. Walileta unga, walileta kuku, tuliomba pamoja. Walimkuta mtu anawatazama tu, anatabasamu pasipohitajika, akisema anasema Kijita na wao si Wajita. Wakaaga mapema. Kisha, baada ya wiki chache, nikaharibika zaidi. Nilianza kutembea kwa kuburuza miguu, hatua ndogondogo. Vidole vilitetemeka, shati lilinishinda vifungo. Nilijikojolea mbele ya wageni. Maneno yakaanza kuzunguka: marehemu anamvuta, hawezi kukaa huku wakati mwenzake yuko kule. Mmoja alilisema mlangoni kwangu, akidhani sielewi. Baada ya hapo watu wakawa wanapita barabarani wananipungia mkono, bila kuingia.

Mke wangu alinirudisha Musoma. Yule daktari akasema hili nalo linajulikana: ubongo ulionyimwa hewa unaweza kuonekana umepona, kisha ukaumwa kwa kuchelewa. Akasema wengi hurudi, taratibu, kwa mazoezi na muda. Mama Neema akamuuliza, "Muda gani?" Akasema, "Hilo siwezi kukudanganya."

Maisha ya miezi iliyofuata sijui niyaeleze vipi. Mke wangu ilibidi atafute riziki. Alikuwa anauza dagaa Bunda siku za mnada, na siku nyingine anakwenda Mugango kuwachukua hao dagaa. Watoto wako shule. Ananiwekea chakula, anakifunika, anakwenda. Mimi ninakaa mlangoni. Pikipiki zinapita, mabasi yanapita, jua linatoka ukuta huu linakwenda ukuta ule. Nikisikia njaa naenda kufunua sahani, naikuta tupu, sijui kama nimekula au amekula mbwa. Siku nyingine naikuta imejaa, imepoa, na giza linaingia. Hakuna aliyenitukana. Hakuna aliyenifanyia ubaya. Ila nilikuwa ninaweza kukaa kutwa bila sauti ya mtu kunifikia, na nikiingojea sauti fulani, ya mtu wa kunibishia, haiji, wala sikumbuki ya nani.

Mtaalamu wa mazoezi kule hospitali alinipa kazi: kutenganisha maharage na mahindi, kutembea nikifuata mstari, na kutaja vitu vya nyumbani kwa sauti. Nikaanza. Nashika kitu, nakitazama, natafuta. "Mwiko." Nasubiri. "Mwiko." Nakwenda kingine. "Ndoo. Mlango. Kufuli." Wapita njia wakacheka, wakasema Masatu sasa anaongea na masufuria. Na kweli, masufuria ndiyo yaliyonisikiliza.

Maneno yakaanza kurudi kama kuku jioni, mmojammoja, wengine kwa kuchelewa. Miguu ikaanza kunyanyuka. Nikaacha kujikojolea. Nilifunga vifungo vya shati, vyote, ijapokuwa kimoja nilikiruka, na mke wangu akaniacha niende hivyohivyo kanisani bila kunirekebisha.

Kisha ikaja asubuhi moja. Mama Neema alikuwa anawasha moto. Nilikuwa nimeamka, nimelala chali, natazama bati. Akaniita, "Baba Neema, uji tayari."

Nikamwambia, "Wambura amekufa."

Akasimama. Akauliza, "Nani kakuambia? Nani amekuja hapa?"

"Hakuna aliyekuja. Nimeamka najua."

Aliweka mwiko chini, akakaa ukingoni mwa kitanda, akalia na kucheka kwa pamoja. Mimi nililia tu. Lakini kilio kile kilikuwa tofauti, kwa sababu kesho yake kilikuwepo bado, na keshokutwa. Hakikuanza upya, kiliendelea. Huzuni ilikuwa imepata mahali pa kukaa kichwani mwangu. Daktari aliposikia akasema, "Sasa unapona." Ajabu ya kupona ndiyo hiyo. Kabla yake nilikuwa na rafiki aliyenisusa. Baada yake sikuwa na rafiki.

Nikamwambia mke wangu anipeleke Butiama, kwa Wakuru, mke wa Wambura. Hakuwahi kuja kunitazama, wala sisi hatukuwahi kwenda tangu nitoke hospitali. Niliogopa. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, nayarudia, nisije nikafika yakapotea.

Tulimkuta uani anageuza mihogo iliyoanikwa. Alipotuona hakunyanyuka haraka. Alijipangusa mikono, akatusalimia, akatutolea viti. Nikasema, "Shemeji, pole. Nimekuja msibani nimechelewa."

Akasema, "Waliniambia humtambui mtu. Nikaona nikija, halafu usinitambue, sitaweza."

"Nakutambua."

Akakaa karibu yangu. Kisha akauliza jambo ambalo sikulipangia maneno. "Shemeji, wewe ndiye ulikuwa naye kule chini. Alisema nini? Alipokuwa anakufunga kamba, alisema nini?"

Nilitafuta. Mungu ni shahidi wangu, nilitafuta kila mahali kichwani. Nilitoka pale kichwa kilipokuwa kinagonga nikafika kwenye dari la hospitali, na katikati hakuna kitu, hata giza hakuna. Mtu amenishika, amenifunga, uso wake umekuwa karibu na wangu, pengine ameniita jina, na mimi sina hata neno moja la kumpelekea mkewe. Ilikuwa ndiyo haja yake kwangu, miezi yote ile.

Nikamwambia, "Sikumbuki, shemeji. Nilikuwa nimeshazimia. Nisingependa kukutungia."

Alitazama mihogo yake. Mke wangu alinishika bega, nikadhani anataka tuondoke. Nikaanza kunyanyuka.

Wakuru akasema, "Unakwenda wapi? Kaa. Ungenitungia ningekujua." Akaingia ndani, akatoka na uji, akatuwekea. Hatukuongea mengi. Alituonyesha kaburi. Nikakaa pale peke yangu kidogo, nikamweleza Wambura kwa Kiswahili habari zote zilizompita, nikitua kutafuta maneno. Tulirudi jioni.

Leo niko hivi mnavyoniona. Mkono wa kushoto unatetemeka. Majina ya watu yananikimbia. Moyo una dawa zake, figo zinapimwa, na maji nakunywa mengi kama nilivyoagizwa. Kuchimba siwezi tena. Nafuga kuku, namsaidia mama Neema kuchambua dagaa. Namshukuru Mungu. Namshukuru yule daktari aliyekaa kwenye kiti akaeleza badala ya kupita. Namshukuru Chacha, ambaye bado hapiti karibu na kisima. Namshukuru mke wangu, na kwa huyo sina neno, wala si kwa sababu ya ugonjwa. Na Wambura, nitamshukuru nikimkuta.

Wachimbaji wenzangu, msiingize injini kisimani. Hata ikizimwa, sumu yake inabaki inawangoja. Wengine mnashusha mshumaa, mkiona unawaka mnasema hewa ipo. Mshumaa haujui sumu hiyo. Utawaka, na ninyi mtazimika. Kichwa kikigonga ukiwa chini, toka kabla hujajiuliza sababu. Asiingie mtu bila kamba mwilini, wala asiifungue kama mimi. Na mwenzako akianguka, usimfuate. Najua ninachosema ni kigumu, maana nipo hapa kwa sababu ya mtu aliyenifuata. Lakini piga kelele, ita zimamoto, ita watu wenye vifaa. Na ninyi akina mama, jiko la mkaa lina sumu hiyohiyo. Msilale nalo mmefunga mlango, hata mvua ikinyesha namna gani.

La mwisho ni la sisi sote. Yupo mtu karibu na kwako ambaye ubongo wake uliumia, kwa kukosa hewa, kwa kiharusi, kwa ajali. Amekaa mlangoni. Usimpungie mkono ukapita. Ingia. Usimuulize kama anakukumbuka, maana swali hilo linauma. Mwambie wewe ni nani, kisha uvute kiti.